Kufufua chenso ya zamani nyumbani: usivute kamba kabla hujajua ilikufa kwa nini

Chenso, yaani msumeno wa injini, iliyolala stoo miaka kumi ikifika mikononi mwako, mkono unawasha wenyewe. Unatia petroli, unafunga choki, unavuta kamba. Nakuomba usubiri.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nililetewa Stihl 070 kutoka Kondoa, imekaa uvunguni mpaka panya wametafuna mpini. Nilisafisha kabureta, nikaweka plagi mpya, ikawaka kwa mvuto wa tatu. Majirani wa Nkuhungu, hapa Dodoma, wakatoka nje kuangalia. Ilinguruma kwa sauti nyembamba inayopanda yenyewe, nami nikadhani hiyo ndiyo afya. Kwenye gogo la pili la mwarobaini ikanyamaza ghafla, na kamba haikuvutika tena. Sili ya krenki, yaani mpira unaozuia hewa kupita pembeni ya mhimili wa injini, ilikuwa imekauka kama ganda la ukwaju, injini inanyonya hewa pembeni. Hewa ikizidi, petroli haitoshi, na kwenye injini ya mipigo miwili kama hii oili husafiri ndani ya petroli. Pistoni ilikwangua silinda zikashikana. Kama ningetumia dakika ishirini kupima kabla ya kuwasha, ningenunua sili mbili tu. Nilinunua silinda, pistoni na ringi.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na tulivyozoea. Kabureta, ambayo kila fundi huikimbilia na bisibisi, nimeiweka mbali huko chini. Tunaanza na hali ya silinda, kisha moto wa plagi, kisha uvujaji wa hewa. Baada ya hapo ndipo mafuta.

Ijue mashine uliyonayo

Andreas Stihl alianzisha kampuni yake Ujerumani mwaka 1926. Mwaka 1959 ikatoka Contra, chenso ya petroli isiyo na giaboksi, ambayo mtu mmoja aliweza kuibeba na kuifanyia kazi. Mwaka huohuo Husqvarna ya Sweden nayo ilitoa chenso yake ya kwanza. Katika uzao wa Contra ndimo zilimotoka 070, yenye injini ya sentimita za ujazo 106, na 090 yenye 137. Wapasua mbao wengi wa nchi hii wanaijua 070 kwa mlio tu. Zipo nakala zake nyingi pia, na hilo lina faida moja: vipuri vinapatikana. Hasara ni kwamba kipuri cha nakala hakikai kila mara mahali pa kile cha asili, kwa hiyo nenda dukani na kile cha zamani mkononi, ulinganishe tundu kwa tundu kabla ya kulipa.

Jambo la pili la kujua ni lile ambalo mashine haina. Breki ya mnyororo ilianza kuwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na chenso nyingi kongwe hazina kabisa. Ncha ya baa, yaani ule ulimi mrefu unaobeba mnyororo, ikigusa kitu upande wa juu, mashine inaruka kumrudia mwenye nayo usoni, na hakuna kitakachousimamisha mnyororo. Usikate kwa ncha. Mkono wa kushoto uwe umenyooka, kidole gumba kimezunguka mpini. Buti za ngozi, miwani, kitu cha kuziba masikio. Malapa bakiza nyumbani.

Fungulia kazi yako juu ya shuka jeupe la zamani, si kwenye mchanga. Springi ya klachi ikidondoka kwenye vumbi la Dodoma mwezi wa Agosti, umeiaga.

Pistoni kwanza

Puliza vumbi lote la nje kabla ya kufungua hata skrubu moja. Wenye kompresa ya kujaza matairi watakufanyia kwa pesa ndogo, lakini ziba kwanza tundu la kabureta kwa kitambaa. Kisha toa plagi na ekzosi. Hapo huenda ukakutana na udongo mgumu kama tofali: nyigu wanapenda sana kujenga kwenye tundu la ekzosi lisilotumika. Toa udongo wote ukiwa umeielekeza mashine chini, usiusukumie ndani.

Sasa mulika kwa tochi kupitia tundu la ekzosi, zungusha magneti (gurudumu lenye sumaku pembeni mwa injini) taratibu kwa mkono, uitazame pistoni ikipanda na kushuka. Pistoni inasema ukweli kuliko muuzaji. Ikiwa inang'aa na mistari yake ni myembamba isiyokamata ukucha, shukuru. Michubuko mirefu ya wima upande wa ekzosi inasema mashine ilikosa oili, au ilinyonya hewa kama ile yangu. Ukiona upande wa kabureta ndio uliolika, rangi imekuwa ya kijivu isiyong'aa kama imepigwa msasa, hilo ni vumbi lililopita kwenye chujio. Huku kwetu ugonjwa huu wa pili ndio naukuta zaidi. Watu hukata kiangazi kizima na chujio lililotoboka, wengine wamelitoa kabisa “ili ipumue”.

Silinda nyingi za chenso zimepakwa kromu au nikeli ndani, kitu kigumu sana. Mara nyingi unachodhani ni mkwaruzo wa silinda ni alumini ya pistoni iliyogandia juu yake. Piga msasa laini wa namba 400 kwa mkono, ukizungusha kwa mshazari, mpaka ukucha uteleze. Wapo wanaotumia kostiki soda ya watengeneza sabuni, kwa sababu inakula alumini na kuiacha kromu. Ni kweli inafanya kazi, ila mwili wa silinda wenyewe ni alumini, na jicho lako halina kipuri. Ukiamua kuitumia, gusa mstari ulioganda tu kwa kijiti chenye pamba, ukiwa nje, umevaa glavu na miwani, kisha suuza kwa maji mengi. Mimi nimebaki na msasa. Ukiona kromu yenyewe imebanduka na alumini ya chini inaonekana, acha: silinda hiyo imekwisha.

Kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, rudisha plagi, shika mpini wa kamba na uinue mashine yote ining'inie. Ikiteremka kwa hatua, inasita na kushuka, inasita na kushuka, kuna uhai. Ikishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ringi zimechoka au kuna tundu mahali. Mwenye geji atafurahi akiona psi 150 kwa chenso ya ukubwa wa kati. Chini ya 110 itasumbua kuwaka. Kwa mashine yenye kitufe cha kupunguza kompresheni, hakikisha kitufe hakivuji kabla ya kuilaumu ringi. Halafu shika magneti, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi za krenki zimelika, na hapo hesabu gharama upya kabla hujaendelea.

Moto wa plagi

Plagi mpya ni rahisi kuliko kubahatisha. Mwanya wake uwe milimita 0.5. Ichomeke kwenye kofia yake, chuma chake kiguse silinda mbali na tundu, vuta kamba ukiwa kivulini. Unataka cheche ya bluu inayosikika. Ya njano na nyembamba haitoshi. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu, maana cheche hiyo haichagui cha kuwasha.

Chenso za miaka ya zamani zina pointi na kondensa, vifaa vinavyokata na kutunza umeme wa plagi, chini ya magneti, kama pikipiki za enzi hizo. Kutoa magneti kunahitaji kuizuia krenki isizunguke: ingiza kamba safi ya katani au nailoni kwenye tundu la plagi ili pistoni iikandamize na kusimama. Usitumie bisibisi kuizuia pistoni, utaitoboa. Kumbuka pia kwamba upande wa pili, klachi ya chenso nyingi hufunguka kinyume, yaani kwa kuzungusha kulia. Nimeona krenki iliyokatwa na kijana mwenye nguvu aliyekuwa hajui hilo.

Pointi zilizokaa hufanya ukungu mweusi. Pitisha karatasi ngumu iliyochovywa petroli katikati yake mpaka itoke safi. Zikiwa na vishimo, pitisha tupa ndogo sana mara mbili tatu. Mwanya wake zikiwa zimefunguka kabisa ni milimita 0.35 hadi 0.4. Unaporudisha magneti, kati yake na koili inayozalisha umeme wa plagi pawe na karibu robo milimita. Kipimo ninachotumia ni kadi ya mchango wa harusi, ambayo hakuna nyumba ya Mtanzania inayoikosa. Iweke katikati, legeza skrubu za koili, sumaku ya magneti itaivuta yenyewe, kaza, kisha chomoa kadi na zungusha magneti kuona haigusi popote.

Kipimo nilichokiruka

Injini ya mipigo miwili inapumua kwa tumbo la krenki, yaani chumba cha chini inamozunguka krenki. Tumbo likitoboka popote, kwenye sili, gasketi ya chini ya silinda au mpira wa kabureta, hewa isiyo na mafuta inaingia. Mafundi wakubwa wana vifaa vyao. Nyumbani unahitaji mpira wa tyubu, plagi mbovu, mpira mwembamba na bomba kubwa la sindano la mililita 60, lile wanalotumia wafugaji. Maduka ya dawa za mifugo hayakosi.

Kata kipande cha tyubu, kiweke kati ya silinda na ekzosi, funga ekzosi juu yake. Fanya vivyo hivyo upande wa kabureta. Vunja kaure ya plagi mbovu, toa vya ndani, ubaki na chuma chenye uzi, kisha gundisha mpira humo kwa gundi ya kuchanganya ile ngumu. Iache ikauke usiku kucha. Shusha pistoni chini kabisa, ili njia za pembeni za silinda ziwe wazi na hewa ifike kwenye tumbo la krenki. Funga plagi yako, unganisha bomba, vuta kitako chake mpaka nusu na ushikilie kwa sekunde kumi. Achia. Kitako kikirudi kwa kishindo kilipoanzia, tumbo ni zima. Kikibaki kimesimama njiani, hewa imeingia.

Kujua imeingilia wapi, geuza kazi: pampu ya baiskeli, upepo kidogo tu, psi 7 zinatosha, na povu la sabuni kila maungio. Anzia sili zote mbili, upande wa magneti na wa klachi. Fanya vipimo vyote viwili, kwa sababu zipo sili zinazozuia upepo wa kutoka lakini zinaruhusu wa kuingia.

Sili imechapwa namba tatu usoni: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Kwa namba hizo maduka ya beringi yatakupa bila kuuliza ni ya mashine gani. Itoe ya zamani kwa kuitoboa kidogo na skrubu kisha kuivuta, bila kukwaruza krenki. Mpya ipake grisi kidogo kwenye mdomo, isukume kwa soketi inayolingana nayo, inyooke.

Kabureta, sasa ruksa

Kabla ya kufungua chochote, zungusha skrubu za L (mafuta ya mwendo mdogo) na H (ya mwendo mkubwa) kulia taratibu mpaka ziguse, ukihesabu mizunguko, uandike. Hizo namba ndizo kumbukumbu yako pekee ya jinsi mashine ilivyokuwa.

Kabureta ya chenso haina boya. Ina ngozi mbili nyembamba, diaframu: moja ni pampu inayovuta petroli kutoka tangi, nyingine inapima kiasi. Zikizeeka zinakuwa ngumu, zinatoa sauti kama karatasi ukizikunja. Usizilainishe, badilisha, seti ya diaframu, gasketi na sindano huuzwa pamoja. Mpangilio ndio unaowakosesha wengi: upande wa kupima, gasketi hutangulia kwenye mwili wa kabureta na diaframu hufuata, upande wa pampu, diaframu hutangulia na gasketi hufuata. Kijiko kinachosukuma sindano, kwenye kabureta nyingi za zamani za Tillotson, kiwe sawa na sakafu ya chumba chake. Kikipanda mashine inafurika, kikishuka inakaukiwa. Vitundu zibua kwa petroli na upepo. Waya hupanua tundu, na tundu lililopanuka halirudi.

Badilisha mpira wa mafuta na chujio la ndani ya tangi bila kujadiliana na nafsi. Anza na L na H zikiwa wazi mzunguko mmoja kila moja.

Kwa mashine kongwe ninachanganya oili ya mipigo miwili moja kwa ishirini na tano: mililita 40 kwa lita ya petroli, yaani 200 kwa lita tano. Moja kwa hamsini ni ya oili maalumu inayoruhusiwa na mtengenezaji. Pima kwa bomba la sindano, usipime kwa kifuniko cha chupa. Tia oili na petroli kidogo, tikisa, ongeza iliyobaki, tikisa tena kila unapojaza. Petroli nunua kituoni. Ile ya chupa za barabarani hujui imepitia wapi.

Urekebishaji unafanywa injini ikiwa moto, chujio likiwa mahali pake na mnyororo ukiwa mkali. L irekebishe mpaka ukibonyeza mafuta inapanda bila kusita. Skrubu ya mwendo wa taratibu iache mahali ambapo injini inaunguruma na mnyororo umetulia. Kisha H: bonyeza mafuta yote bila mzigo. Sauti isiwe safi kabisa, iwe na kigugumizi kidogo, na kigugumizi hicho kipotee inapoingia kwenye mti. Ikilia nyembamba na safi hewani, fungua H kidogo. Ndiyo ile sauti niliyoifurahia mimi.

Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko pwani. Chenso iliyorekebishwa Dar itakuja huku inatoa moshi na kuzubaa, na hiyo haina madhara makubwa. Hatari iko kwenye safari ya kurudi: iliyokazwa H ikawa tamu huku Dodoma, ukiipeleka Bagamoyo bila kuigusa, itakata ikiwa na njaa ya mafuta mpaka pistoni ishikane.

Mnyororo na baa

Hapa ndipo nguvu nyingi zinapotea bila injini kuwa na kosa. Kama vumbi linalotoka ni unga badala ya vipande, mnyororo ni butu. Umbo la jino tunalotumia leo lilibuniwa na Joseph Cox wa Marekani mwaka 1947, baada ya kumtazama buu anavyotafuna mti kulia na kushoto. Ndiyo maana meno ya pande mbili lazima yalingane urefu. Upande mmoja ukiwa mfupi, mkato unapinda.

Tupa ya mviringo iendane na mnyororo: milimita 5.5 kwa ule mkubwa wa 070, yaani wa 0.404 (kipimo cha pingili zake kwa inchi); 5.2 kwa wa 3/8; 4.8 kwa wa 0.325. Sukuma kwenda mbele tu, kwa pembe ya nyuzi 30 kwa kukata gogo, nyuzi 10 kwa kupasua mbao. Kila baada ya kunoa mara tatu nne, shusha kidogo vile vidole vilivyo mbele ya meno kwa tupa bapa. Ukivishusha mno, mashine itakuwa inauma na kurusha.

Baa igeuze juu chini kila unaponoa, kwangua uchafu wa kwenye mfereji, sawazisha kingo. Oili chafu ya gari isiingie kwenye tangi la mnyororo. Ina vumbi la chuma linalokula pampu, na inakurukia usoni siku nzima. SAE 40 safi inatosha kwa joto letu.

Ikisumbua baada ya hapo

Inawaka, inakata dakika tano, inazima. Ukifungua kifuniko cha tangi inapumua na kuwaka tena. Tundu la hewa la tangi limeziba.

Inazima ikipata moto na haikubali mpaka ipoe nusu saa: pima cheche palepale ikiwa moto. Ikiwa haipo, tafuta koili au kondensa.

Inapanda mwendo yenyewe na hairudi ukiachia mafuta? Izime mara moja, swichi ikigoma funga choki, na urudi kwenye bomba la sindano. Usijaribu kuituliza kwa skrubu.

Plagi inatoka imelowa kila mara: uchafu chini ya sindano, au kijiko kiko juu. Inatoka kavu baada ya mivuto kumi: petroli haifiki, anza na chujio la tangi. Ina mlio mzuri hewani lakini inalegea kwenye gogo: noa mnyororo kwanza, kisha choma au kwangua masizi ya ekzosi, na mwisho tazama klachi. Mnyororo unazunguka ukiwa hujabonyeza: springi ya klachi imelegea au mwendo wa taratibu uko juu.

Jaribio la kwanza fanya kwenye gogo lililokwisha lala chini, tangi moja, ukisimama kila baada ya dakika chache kugusa skrubu zilizolegea. Mti uliosimama una kibali chake. Pita ofisi ya misitu ya wilaya au TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwanza, hata kama uko kwenye shamba la babu.

Ukimaliza msimu, mwaga petroli yote, washa mpaka iishe kwenye kabureta, tia matone ya oili kwenye tundu la plagi na uvute kamba mara mbili. Ziba ekzosi kwa kitambaa kwa sababu ya wale nyigu, na funga kipande cha kitambaa hichohicho kwenye mpini wa kamba, usije ukasahau kukitoa siku ya kuwasha.